Mastaa wa pop kwenye opera, na sindimba yetu huku Kusini

Kuna shoo moja ya ITV kule Uingereza ilikuwa inaitwa Popstar to Operastar, ilianza 2010, ikarudi 2011, basi ikaishia hapo, na mimi nikiwa na bando la kutosha klipu zake huwa nazirudia sana. Wanachukua waimbaji wa pop ambao watu tayari wanawajua, wanawapa walimu, afu kila wiki wanapanda jukwaani laivu kuimba vipande vya opera (ile michezo ya jukwaani ya Ulaya inayoimbwa, mingi kwa Kiitaliano), majaji wanasema yao, watu wa nyumbani wanapiga kura, mmoja anaaga. Walimu walikuwa Rolando Villazón, yule mwimbaji wa opera wa Mexico, mtu mchangamfu balaa, pamoja na Katherine Jenkins wa Wales. Msimu wa kwanza walikuwemo Danny Jones wa bendi ya McFly na Vanessa White wa kundi la The Saturdays, akashinda Darius Campbell (alifariki 2022, Mungu ampumzishe), na wa pili akachukua Joe McElderry, kijana wa miaka 20 tu ambaye watu walishamjua tangu aliposhinda shindano la kuimba la The X Factor 2009.

Sasa hapo ndo akili ilipo. Binti wa miaka 16 anayempenda Danny Jones huwezi kumwambia akae asikilize Kiitaliano bure bure, ila Danny akiimba atakaa, maana anataka kujua staa wake atatoboa au ataumbuka.

Wapenzi wa opera wapo waliokasirika na nawaelewa kabisa. Mwimbaji wa opera anasoma miaka na miaka ili sauti yake ijaze ukumbi mzima bila maiki, na nyuma yake wamekaa wapiga ala wengi wanapiga kwa nguvu. Wataalamu wameshapima hiyo kitu, sauti iliyofundishwa inapata nguvu ya ziada kwenye mawimbi ya kama hertz 3,000 (yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde), sehemu ambayo ala hazina nguvu sana, ndo maana unamsikia mtu mmoja juu ya wote. Hicho hakipatikani kwa wiki chache, na tivii lazima iwe na maiki, kwa hiyo mtoto anaweza kudhani opera ni kupandisha sauti na kuvaa suti nyeusi, basi.

Ila mimi nasema dawa yake ni kuonyesha mazoezi, na kuyaonyesha kwa muda mrefu kuliko hata wimbo wenyewe. Mtu amezoea kuimba karibu na maiki kwa sauti ya kunong'ona, leo anaambiwa avute pumzi kutoka chini tumboni, alegeze taya, aitoe sauti bila kukaba koo, anajaribu inakatika, anarudia. Kijana akimuona staa wake anahangaika hivyo anaanza kuheshimu wale ambao kazi yao ni hiyo kila siku. Wimbo ukionyeshwa peke yake anaondoka na staa wake tu, opera anaiacha palepale.

Na siyo kwamba watu wa pop hawawezi. Tuzo za Grammy 1998 Pavarotti, yule mwimbaji mkubwa wa opera wa Italia, aliugua, Aretha Franklin akaitwa ghafla aimbe Nessun Dorma, wimbo maarufu wa opera, badala yake, akaiimba kwa njia yake ya soul na ukumbi ukasimama. Itafuteni mtazame.

Kilichonifanya niandike haya yote ni hapa kwetu Mtwara. Watoto wa dada yangu hapa Chikongola nyimbo za Konde Boy, yaani Harmonize wa bongofleva, wanazo zote kichwani, na wanajua ni mtu wa kwetu, wanaringa naye. Sindimba, ngoma yetu ya asili ya Wamakonde, je? Wanaiona akija waziri, kikundi kinacheza pale dakika chache, wageni wanapiga picha, kwisha. Inaniuma sana, maana ngoma hii ina ufundi ambao hauonekani kwa dakika hizo. Niliwahi kukaa na wazee Newala kabla ngoma haijaanza, wamewasha nyasi kavu, wanazungusha ngoma juu ya moto ili ngozi ikaze, mzee anagonga kwa vidole viwili, anasikiliza, anairudisha motoni, anagonga tena, nikanyoosha mkono nami nijaribu akaniambia, "Mjukuu wangu, bado hiyo, subiri." Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyekuwa na haraka. Hiyo ndo sehemu ambayo kamera haijawahi kuionyesha waziri anapokuja.

Kwa hiyo tivii zetu, nawaomba jamani, chukueni mastaa wa bongofleva, hata wanane, muwalete Newala, Tandahimba, Masasi, wakabidhiwe kwa wazee na kina mama wa vikundi, kamera iwepo tangu siku ya kwanza mguu unapokosea mdundo. Majaji wawe wazee wenyewe, siyo watu wa mjini. Fainali ipigwe uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, watoto waingie bure. Na Harmonize kama unasoma hapa kaka, wewe tungependa uwe wa kwanza, wiki ya kwanza usiimbe kabisa, ukae na wale wazee pale kwenye moto wakufundishe kuiskiliza ngoma mpaka waseme tayari.