Visigino vya Chura

Saa nne usiku, watu wamelala, feni yazunguka na joto liko palepale, ndo nimepata nafasi ya kuandika. Wiki nzima kichwa kizito kwa jambo ambalo mtu akilisikia atacheka, ati nimhamishe mtoto jimu au nimwache alipo. Si shule wala madrasa, ni jimu.

Mtoto mwenyewe ana miaka 9, hapa nitamwita Chura, jina alilopewa na babake kwa vile tangu aanze kutembea hajawahi kushuka kitandani kama watu, yeye ni kuruka. Hapa Tudor wanamjua kama yule wa sarakasi, manake Mombasa ukipiga samasoti mbili tu watu wanajua unajiandaa kwenda kuchezea watalii hotelini. Nshaeleza mpaka nimechoka kwamba hii ni jimnastiki, ina majaji, ina pointi, ina mashindano, wananiitikia ehe ehe kisha wanauliza analipwa ngapi.

Anapofanyia sasa ni ukumbi wa kukodi hukuhuku kisiwani, jioni mara tatu kwa wiki. Kocha wake alikuwa mwanasarakasi enzi zake, wa zile piramidi za watu, na mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa mpaka leo. Huyu bwana amemtoa mwanangu mbali. Alimpokea na miaka 5, msamba hawezi, kila akifika nusu analia, akawa anamwimbia huku anamshika mabega mpaka siku moja kijitu kikafika chini chenyewe kikaanza kucheka. Na mzazi akitaka kukaa anakaa, kuna benchi, tunakula viazi karai vyetu na ukwaju tukiangalia. Mwezi ni shilingi 2,500 na ukichelewa hakuulizi, anakuangalia tu, ambayo kwangu ni mbaya zaidi.

Shida ni sakafu. Ni simiti, na juu yake magodoro yaliyokonda kiasi kwamba ukikanyaga unasikia simiti inakwambia niko hapa. Bimu yao, ile mbao nyembamba ya kutembelea juu, alitengeneza seremala wa mtaani, ikavishwa zulia, haifiki goti.

Mwezi uliopita Chura akaanza kutembelea vidole asubuhi. Mi nikadhani mchezo. Siku ya tatu namuona anatoka chooni ameshika ukuta kama nyanya yake, nikampeleka hospitali. Daktari akamshika kisigino akakibinya pande zote mbili, mtoto karibu ampige teke. Akasema si kuvunjika, watoto wa umri huu kisigino kina sehemu ya mfupa ambayo bado inakua, haijakomaa, na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu unaivuta kila anaporuka, sasa akizidisha kuruka juu ya kitu kigumu ndo inauma hivo. Itapona, apumzishwe, awekewe barafu, avae viatu vyenye mto. Kisha akauliza, "Mama, kwani anarukia wapi?" Nikasema godoro. "Godoro la aina gani?" Nikanyamaza, na ule unyamavu ndo nimeubeba mpaka leo.

Shoga yangu mmoja ndo akaniambia kuna jimu ng'ambo ya daraja la Nyali. Tulipoambiwa kisigino kimetulia tukaenda siku moja ya majaribio. Jamani. Sakafu yao ina springi na sponji chini, ukikanyaga inakurudisha juu, mimi mwenyewe na miaka yangu nilitamani nivue viatu. Kuna shimo limejaa vipande vya sponji, mtoto anajitupa kichwa mbele anapotea, unaona mguu tu. Na bimu ya ukweli, mita 5 kwa urefu, juu kutoka chini sentimita 125, na pa kukanyaga sentimita 10. Niliweka kiganja changu juu yake, kikafunika upana wote. Chura akisimama kando imemfika kwenye nyusi.

Akapandishwa, akaganda. Huku kwetu kwenye ile mbao ya zulia anakimbia kama paka, lakini pale juu magoti yanamtetemeka naona toka mlangoni. Nikasubiri makelele, manake nshasikia makocha wa watoto wanavyopiga kelele. Yule dada, kocha wao, hakusema kitu, akaburura magodoro manene akayapanga chini ya bimu moja juu ya moja mpaka urefu wa kuanguka ukawa kama wa ile mbao ya kisiwani, akamwambia haya tembea. Akatembea. Akaondoa godoro moja. Akatembea tena. Yalipobaki mawili Chura akasema yatosha leo, na dada akasema sawa, yatosha.

Nimesema "toka mlangoni" kwa sababu wazazi hawaruhusiwi ndani, ati watoto wanazubaa wakimuona mama. Hapo mimi nkakataa. Si kwamba namshuku mtu, lakini yule daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani aliyefungwa 2018, wasichana na wanawake zaidi ya 150 walieleza mahakamani alichowafanyia, wengine mzazi alikuwa chumba hichohicho na hakujua. Sasa mimi nikae nje kwenye maegesho? Nikawaambia wazi, bila jicho langu hakuna mtoto. Wakashauriana, wakasema kioo cha ofisini pazia litafunguliwa siku zote na Jumamosi naweza kukaa ndani. Nikasema tutaona.

Mamangu mkwe yeye hana habari na bimu wala sponji, yake ni nguo. "Mwanangu, mtoto wa kike huyo, miguu yote nje mbele ya wanaume?" Kocha wa kisiwani hajawahi kujali, Chura huvaa taitsi na fulana ndefu. Kule nikauliza pale mapokezi, binti akababaika, akaitwa yule dada wa magodoro akasema sheria za dunia zinaruhusu nguo ya kufunika miguu mpaka kifundoni, timu ya wanawake ya Ujerumani iliivaa Olimpiki ya Tokyo. Nikamuonyesha mamangu mkwe picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akaangalia weee, akasema, "Imebana." Lakini hakusema tena.

Babake hoja yake ni pesa, na ana haki. Kule ni 8,000 kwa mwezi, usafiri bado. Kutoka kwetu mpaka darajani ni pua na mdomo, lakini saa kumi na moja jioni magari yote ya kisiwa yanataka kulala Nyali na Kisauni, utakaa hapo mpaka adhana. Na Jumamosi asubuhi kuna madrasa, hiyo imebidi nikamuombe ustadh. "Haraka ya nini?" babake ananiambia, "si umesema wakubwa wanashindana kuanzia mwaka wa kutimiza 16? Ana miaka 7 mbele yake." Kweli, Nadia Comăneci wa Romania alipata ile 10 kamili ya Olimpiki 1976 akiwa na miaka 14, leo wasingemruhusu. Nikamwambia haraka sina, lakini hiyo miaka 7 ataikanyaga kwa visigino gani?

Chura mwenyewe ana wakili wake, Kaylia Nemour, aliyechukua dhahabu ya vile vyuma viwili vya kubembea, Olimpiki ya Paris 2024, medali ya kwanza ya jimnastiki ya Olimpiki kwa Afrika. Kasikia kwamba alikuwa akiichezea Ufaransa akahamia Algeria, basi wimbo ni huo, "Mama, hata Kaylia alihama." Yule kahama nchi, we wavuka daraja tu.

Basi tumekubaliana, mwezi ujao anahama. Nilidhani nikishaamua nitalala. Kumbe kilichokuwa kinaniweka macho wiki yote si pesa wala daraja, ni yule mtu wa mkono usionyooka. Jana kwenye tuktuk Chura kaniuliza, "Na Kocha tutamwambiaje?" Nikamwambia we usijali, hiyo ni yangu. Mi nishawahi kuacha kazi kwa SMS na sikujuta, lakini hili siwezi. Jumanne nitaenda mapema kabla watoto hawajaja, nikae naye kwenye lile benchi. Nimeandika hapa nitakachosema, nimefuta mara tatu.