Kambi ina magunia ya chumvi, mimi nikaanguka kwa kukosa chumvi: siku moja ya traka wa Sikonge

Saa kumi na nusu usiku

Mpishi ndiye wa kwanza kuamka kambini, mimi wa pili. Namkuta amechuchumaa anapuliza kuni, moshi umemjaa machoni.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, baba. Maji yako hayo, yameshapoa."

Ndoo mbili zenye mifuniko. Tuliyachemsha jana jioni, maana yanatoka mtoni, na mto wetu mwezi Oktoba si mto tena. Ni madimbwi yaliyobaki, na kiboko analala humo humo, anajisaidia humo humo.

Mimi ni traka, mfuata nyayo za wanyama. Huu ni msimu wangu wa tisa kwenye kitalu cha uwindaji wa kitalii kusini mwa Sikonge, mkoa wa Tabora. Msimu unafunguliwa Julai mosi, ila Oktoba ndiyo mwezi mgumu: nyasi zimeungua, mvua haijafika, jua linawahi kama mtu anayedai deni lake. Mkataba wangu unasema nifuate nyayo. Hii kazi ya kuchanganya maji nilijipa mwenyewe tangu mwaka jana. Sababu nitaisema tukifika saa sita mchana.

Leo wanaotembea ni sita: PH, yaani mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, mgeni wake kutoka Texas, askari wa wanyamapori, Mzee ambaye ni traka mwenzangu, kijana wetu wa kubeba mizigo, na mimi. Kila mmoja lita tatu mgongoni. Mbili ni maji matupu, moja ina chumvi. Nina jagi la plastiki lenye alama ya lita moja, na hilo jagi siliazimi mtu. Lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi ya kula, vyote vya msawazo, nakata kwa kisu juu ya kijiko ili visiwe na kilima. Halafu namimina maji ya ukwaju niliyoloweka usiku, nikichuja kokwa kwa mkono. Ukwaju una potasiamu kidogo, lakini kusema kweli nauweka ili watu wanywe. Maji ya chumvi matupu kila mtu anayakubali asubuhi, na saa tano unakuta chupa imejaa vile vile.

Watu wanauliza sukari ya nini. Si ya utamu. Kwenye ukuta wa utumbo chumvi na sukari zina mlango wao mmoja, zikifika pamoja zinaingia pamoja, na maji yanazifuata. Ndiyo maana paketi ya ORS ya zahanati, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, nayo ina glukosi: gramu 13.5 kwa lita, pamoja na gramu 2.6 za chumvi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na sitrati. Hizo paketi ninazo kumi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, lakini nazitunza kwa mtu aliyetapika, anayeharisha au aliyezidiwa. Kwa kutembea, mchanganyiko wa jikoni unatosha.

Wiki iliyopita kijana wetu alichukua paketi moja akaimwaga kwenye chupa ya nusu lita. "Kaka, si nguvu inakuwa mara mbili?" Nikamwonjesha. Akakunja uso mpaka masikio yakasogea. Chumvi ikizidi hivyo inavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni, na kiu inakuwa kali kuliko mwanzo. Paketi imeandikwa lita moja, basi ni lita moja, yaani chupa mbili ndogo. Na ile chupa kubwa ya dukani ni lita moja na nusu, hapo napo wengi wanakosea.

Saa kumi na mbili kasorobo

Uji, matobolwa, karanga zilizotiwa chumvi. Sitoki kambini na tumbo tupu hata kama gari linapiga honi. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa, potasiamu imo ya kutosha, na unaweza kuyatia mfukoni yasiharibike. Bibi yangu alituwekea haya tukienda kulina asali, hakuna aliyetuambia habari za madini.

Mzee anakula kama mimi, ila chupa yake ya tatu ni maji matupu. Ana presha, na daktari alimkataza kuongeza chumvi. Mtu wa presha au wa figo asifuate vipimo vyangu, akamuulize anayemtibu.

Garini ndorobo, yaani mbung'o, wanatungoja. Nyuma tumefunga kopo la kinyesi cha tembo kinachofuka moshi, na bado mmoja ameniuma juu ya shati. Mgeni amevaa fulana ya bluu iliyokoza, rangi ambayo ndorobo wanaipenda kuliko zote. PH alimwambia jana. Sasa anajipiga makofi mwenyewe.

Saa moja na robo

Mzee anagonga paa la gari. Mchanga wa barabara umekatizwa na nyayo za madume matatu ya nyati. Anashuka, anainama, anaweka kidole ukingoni mwa kwato. Ukingo bado mkali, haujaporomoka. Hatua kumi mbele kuna kinyesi, naweka mgongo wa kiganja juu yake: joto lipo. Wamepita alfajiri wakitoka kunywa.

Mtu asiyefanya kazi hii anadhani tunaangalia chini tu. Tunaangalia mbele, mita tano, kumi, pale jani lilipogeuka na kuonyesha tumbo lake jeupe. Kwenye miombo iliyoungua ni rahisi, majivu yanaandika kila kitu. Kwenye majani makavu yaliyoanguka ndipo unapopoteza dakika ishirini kwa hatua tatu. Na hapo ndipo maji yanapoingia. Kichwa kikianza kukauka, macho ndiyo ya kwanza kudanganya. Unaona kwato la pofu, yule swala mkubwa, ukadhani la nyati, unaongoza watu kilomita nzima kumfuata mnyama asiye wako.

Kwa hiyo kila tunaposimama kutafuta alama, nakunywa mafunda mawili matatu. Silazimishi. Asubuhi ni maji matupu, ya chumvi hayajafika zamu yake.

Saa nne

Tumepumzika chini ya mninga. Mgeni anatoa kipaketi cha unga wake, anakimwaga kwenye chupa, anatikisa. Kimeandikwa miligramu 1,000 za sodiamu, sukari hakuna. Nikapiga hesabu: hiyo ni chumvi gramu mbili na nusu, hivi hivi nusu kijiko changu. PH akamtafsiria. Mgeni akacheka, akaonja changu, akaomba kubadilishana. Unga wake si mbaya, nimeuonja, una ladha ya limao. Lakini mtu wa Tabora akiniuliza kama anunue vile vya kuagiza kutoka ng'ambo, namwambia akanunue sukari kilo moja.

Na mtu wa kutembea saa moja kuangalia mizinga kisha arudi nyumbani kula ugali na mlenda hana haja ya haya yote. Maji na chakula vinamtosha.

Saa sita mchana

Sasa jua liko utosini. Miombo haina kivuli mwezi huu, majani machanga mekundu ndiyo kwanza yanachomoza. Navua kofia: kuzunguka utepe kuna mstari mweupe uliokauka, kama maji ya bahari yaliyochorwa kwenye mchanga. Naugusa kwa kidole, nauonja. Chumvi yangu mwenyewe. Mtu anayetembea kwenye joto kama hili anaweza kutoa jasho la nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa saa, na kila lita inaondoka na sodiamu, kwa wengi kama gramu moja, wengine zaidi. Mimi ni wa hao wengine, kofia inasema.

Mwaka jana, Oktoba kama hii, nilianza kusikia kizunguzungu saa nne. Nikaona aibu. Traka anazunguka kichwa mbele ya mgeni? Nikanywa maji. Kizunguzungu kikazidi, nikanywa tena. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai tupu. Mpaka saa saba nilikuwa nimemaliza lita sita za maji matupu, na tumbo linalia kama dumu lililojaa nusu. Kichwa kikagonga. Vidole vya mkono wa kulia vikajikunja vyenyewe, nikawa navinyoosha kwa mkono wa kushoto. Nikatapika maji meupe, nikakaa chini, sikumbuki vizuri nani alinibeba.

Kwenye kituo cha afya nesi aliniuliza mambo mawili: umekunywa nini, umekula nini. Akatikisa kichwa. "Kaka, wewe hukukosa maji. Umeyazidisha mpaka chumvi ya damu ikazimuka." Mpaka siku ile nilijua kosa moja tu la porini, kutokunywa. Na kambini kwetu, nisikilizeni, kuna magunia ya chumvi yamepangwa kama ya mahindi!

Turudi kwenye siku ya leo. Kwa saa hizi za joto tunahamia chupa ya tatu, funda kwa funda, na kwa ujumla sipitishi lita moja kwa saa. Mgeni anaanza kujikwaa, shavu la mguu limemkaza. Tunamkalisha, anakunywa taratibu, anatafuna karanga. Misuli hukaza kwa uchovu pia, si chumvi peke yake, kwa hiyo tunamnyoosha mguu na kumpa nusu saa. PH anamuuliza jina la binti yake, anajibu vizuri. Angejibu ovyo, huku ngozi inawaka, hapo si habari ya kunywesha tena: mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Ni kivuli, kumlowesha mwili mzima, kumpepea, na gari hospitali bila kusubiri.

Saa nane kasoro

Tuliwaona. Madume mawili yamelala, la tatu limesimama, mita themanini hivi. Mgeni yuko kwenye miguu mitatu ya kuegemezea bunduki, Mzee anatikisa kifuko chake cha majivu kupima upepo, na majivu yakarudi usoni mwetu. Basi. Kishindo, vumbi, kwisha. Saa ya mgeni inasema kilomita 13. Hakulalamika, nampa heshima yake.

Saa kumi na moja jioni

Mchunaji yupo bandani na ngozi ya kongoni wa jana. Ameikwangua nyama yote, sasa anaisugua chumvi kwa viganja, mikunjo ya masikio na midomo haachi. Chumvi inavuta maji ya ngozi, isioze kabla ya kufika kwa mtengeneza sanamu za wanyama. Hii ya banda haiingii jikoni, imeshikwa na mikono yenye damu.

Mzee anakaa pembeni kumtazama. Ni mtu wa Uvinza, na akiona chumvi lazima aseme. "Mwanangu, babu zenu Wanyamwezi walikuwa wanapita kwetu na mizigo ya waarabu kwenda Ujiji, na hawatoki bila chumvi." Ni kweli. Njia ya misafara ya karne ya 19, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ilipita Uvinza, na chumvi ya chemchemi zile, iliyochemshwa kwenye vyungu, ilifika mbali.

"Na wewe mjukuu wao," akaongeza, "ukaenda kuanguka kwa kukosa chumvi." Mchunaji alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Saa mbili usiku

Supu ya kongoni, ugali, nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa. Kabla ya kulala nimekwenda haja ndogo na tochi: rangi ya chai iliyozimuliwa, si nzuri sana, nikanywa kikombe kimoja zaidi. Ukwaju nimeshauloweka. Kijana amekuja anaomba achanganye yeye kesho. Nimempa kijiko na kisu. Jagi nimelala nalo.