Choroko zangu zilioza mara tatu kabla sijashtukia kosa

Mi kwenye kuotesha mbegu za kula nyumbani nilianza na choroko kwa sababu kila mtu anasema ndo rahisi, eti unaloweka usiku basi unasubiri ziote. Mara ya kwanza nikajaza nusu chupa ya kioo nikaweka na maji, asubuhi nakuta zimevimba zimefika mpaka kwenye mfuniko, nikamwaga maji nikafunika nikaziacha hivohivo, kesho yake nafungua aisee harufu iliyotoka humo!! Mara ya pili nikapunguza mbegu, harufu ileile. Ya tatu nikabadilisha mbegu kabisa, wapi.

Kumbe mbegu hazikuwa na kosa. Mbegu ikishaloweka masaa 8 hadi 12 imekunywa ya kutosha, kuanzia hapo inataka unyevunyevu na hewa basi, haitaki kukaa majini. Mimi kila nikimwaga nilikuwa naacha maji kidogo chini ya chupa bila kujali, sasa zile za chini zinakosa hewa zinakufa, zikioza zinaambukiza na za juu. Siku hizi naweka vijiko vitatu tu kwenye chupa ya lita moja, mdomoni nafunga kipande cha chandarua safi kwa mpira, nasuuza asubuhi na jioni, na nikimaliza kusuuza chupa nailaza mshazari juu ya bakuli mdomo ukiangalia chini, ibaki inachuruzika hivo mpaka zamu nyingine. Siku ya pili vimkia vinachungulia, ya tatu au ya nne nakula. Kabla ya kuziweka kwenye friji naziacha kwanza zikauke maji ya juu, zikiingia zimelowa zinateleza mapema.

Baada ya hapo nikapata kichwa, nikahamia kwenye zile za trei wanazoita maikrogrini, yaani miche michanga unayoikata na mkasi ikiwa na yale majani mawili ya kwanza. Nikaanza na figili. Udongo kama sentimita 3, mbegu unazimwaga zibanane bila kuzifukia, unapulizia maji, unafunika na trei nyingine yenye uzito juu kwa siku mbili tatu ili mizizi ishike chini. Nafunua, naona manyoya meupe yamejaa kila mahali, nikajua ukungu huo, nikatupa trei nzima. Wiki ile ile ndo nasikia kwamba ni vinyweleo vya mizizi, figili ndo zake! Iliniuma sana maana zilikuwa zimeota vizuri mno. Kipimo chake ni chepesi: pulizia maji, vinyweleo vinanywea vinalala havionekani tena, ila ukungu unabaki, na wenyewe unatanda kama utando wa buibui kutoka shina hadi shina. Ukungu wa kweli nao nimeupata, safari hiyo kwa kumwagilia juu juu kila nikipita hapo, ugonjwa wangu uleule wa maji. Sasa trei ina matundu chini, naitumbukiza kwenye sinia lenye maji inyonye dakika kadhaa afu namwaga yaliyobaki.

Kwenye usalama usifanye mchezo. Mbegu za kupanda shambani nyingi zimepakwa dawa, ukiona zina rangi ya ajabu ajabu achana nazo, tafuta za kula. Maharage mekundu usile mabichi hata kama yameota, sumu yake inataka kuchemshwa. Na vuguvugu na unyevu vinavyootesha mbegu ndo hivohivo bakteria wanavyovipenda, mwaka 2011 Ujerumani uwatu ulioota ulileta mlipuko wa ugonjwa wa bakteria aina ya E. koli ukaua watu zaidi ya 50, na kusuuza hakutoshi kuwaondoa. Mi choroko zangu nazipika, na mjamzito, mtoto mdogo au mzee simpi mbichi hata akiomba.

Chia nilijaribu kwenye chupa ikawa uji wa kuteleza, ile ipande kwenye trei tu. Figili nakata siku ya 7 au 8 hivi. Alizeti ndo bado tunagombana, zinatoka na maganda kichwani kama kofia afu hayataki kudondoka, nimeongeza uzito juu ya trei naona yamepungua, yaliyobaki nayatoa kwa vidole moja moja huku nasikiliza redio.