Nilivyoling'oa neno "hadi" kwenye tangazo la taa

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipokabidhiwa kampeni ya taa za sola ulikuwa huu: "Andika 'inawaka hadi saa 12 mfululizo'. Ukishaweka 'hadi', hakuna wa kukushika." Niliambiwa hivyo na watu watatu wa masoko, wote wakongwe kunizidi, na wote walikosea.

Boksi la taa nalo lilisema saa 12. Nikafungua karatasi ya kiwandani: betri ya wati-saa 6, mwanga mkali unakula wati 1.2, mwanga hafifu wati 0.5. Gawanya mwenyewe. Zile saa 12 ni za mwanga hafifu, ule wa kukuonyesha tu mlango ulipo. Mwanga wa kusomea ni saa 5. Na hizo bado ni hesabu za karatasi. Nikachaji taa nne juani siku nzima, nikaziwasha zote kwenye mwanga mkali na kukaa nazo. Moja ilizima kabla ya kutimiza saa 5, tatu zilifika kwa kujikongoja. Gharama yake ilikuwa usingizi wa usiku mmoja. Sijui kwa nini watu huanza kugombania rangi ya bango kabla ya kufanya hivi.

Pamoja na ujuaji wote huo, rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na "hadi". Nilijiambia si uongo. Kilichoniumbua ni jaribio ambalo sasa naliringia. Tafuta mtu asiyeijua bidhaa, mpe ujumbe ausome mara moja pamoja na picha yake, chukua simu, pigeni soga nyingine dakika 5, kisha muulize: "Umeahidiwa nini?" Andika maneno yake kama yanavyomtoka, usimsahihishe wala kumsaidia. Nilifanya kwa watu 8. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka "hadi". Waliobaki walisema inawaka saa 12, na mmoja akaongeza "usiku kucha", maneno ambayo sikuyaandika popote. Yalitoka kwenye picha: mtoto anasoma, dirishani giza totoro. Picha ilionyesha mwanga mkali, maneno yalitaja muda wa mwanga hafifu. Ukivitazama kimoja kimoja, vyote kweli. Ukiviweka pamoja, nilikuwa nadanganya.

Na wanaosema sheria haigusi maneno yaliyopangwa kwa ujanja wasijidanganye. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaamuru Warner-Lambert, watengenezaji wa Listerine, watangaze wao wenyewe kwamba dawa hiyo ya kusukutua haisaidii kuzuia mafua, jambo walilokuwa wamelitangaza kinyume kwa miaka mingi.

Nikaandika upya: "Saa 4 za mwanga wa kusomea, au saa 10 za mwanga hafifu." Nilishusha makusudi, maana betri huchoka na siku za mawingu zipo. Nikarudia jaribio kwa watu wapya, wakanirudishia kile kile nilichoandika. Mkuu wangu alilalamika kwamba naua mauzo. Simu za kuuliza bei hazikupungua. Kilichopungua ni taa za kurudishwa kwa maneno ya "haikai na moto".

Sasa aibu yangu. Ujumbe wa SMS ulikuwa na herufi 148, nafasi zikiwamo, nami nikajua umeingia kwenye kikomo cha 160. Bili ikaja mara tatu ya nilivyokadiria. Nikailaumu kampuni iliyotusambazia meseji, nikaiandikia kwa ukali, kumbe kosa ni ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng'! Nilikuwa nimeandika "inayong'aa" kwenye programu ya kompyuta, nayo ikaigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS, kwa hiyo ujumbe mzima huhamia Unicode, seti pana ya herufi za lugha zote, na hapo kikomo ni herufi 70. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja. Herufi 148 ni vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa. Emoji moja nayo inakufanyia hivyo hivyo. Siku hizi naandika kwenye programu isiyo na mapambo na naangalia idadi ya vipande kabla ya kubonyeza tuma. Au naandika "yenye mwanga" na kuachana na ng' kabisa.

Namba za simu tulizozitumia ujumbe zilikuwa za walioomba taarifa wenyewe, kila moja na tarehe na mahali iliposajiliwa. Kuna aliyejaribu kuniuzia orodha ya maelfu ya namba kwa bei ya kutupa. Nikauliza hao watu walikubali lini, jibu halikuja. Mwisho wa ujumbe weka "Tuma ACHA kujitoa", na ujitoe kwanza kwa simu yako uone kama kweli unatoka. Mimi sikutoka mara ya kwanza. Tuma kwa mafungu ya 200, si wote kwa mpigo, la sivyo wawili wanaopokea simu watazidiwa na wateja waliovutwa kwa gharama yako watakata tamaa. "Zimebaki chache" niliikataa, kwani stoo ilikuwa imejaa.

Aliyetutangazia mtandaoni ndiye aliyenichosha. Nilitaka "nimelipwa kutangaza taa hii" iwe mstari wa kwanza, ionekane bila mtu kubonyeza "soma zaidi". Yeye alitaka iwe chini kabisa, katikati ya alama za reli (#). Tulivutana siku mbili. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba naye ataje kasoro moja ya taa: kitufe chake ni kigumu. Sikuwa na la kupinga, kitufe ni kigumu kweli.