Glavu za Docimedis na Kitambaa cha Mama

Ndani ya mkoba wangu nilibeba kipande cheupe cha pamba, upana wa viganja viwili, kilichochanwa kwenye foronya kuukuu ya mama. Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kufifia, na la kulia linalindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni. Nilipomwambia naenda Uingereza na Uskoti kuviona visima ambavyo watu wamekuwa wakipeleka haja zao tangu enzi za Warumi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kipo kinachopelekewa habari za macho. Nikamjibu kwamba vipo. Kesho yake asubuhi nikakikuta kitambaa juu ya begi langu, kimekunjwa mara nne.

Nilianzia Bath, mji wa kusini magharibi mwa Uingereza, kwa sababu ndiko kwenye maandishi. Visima vingi ni bubu: sarafu inatumbukia, na haja inabaki moyoni mwa aliyeitupa. Bath hakukuwa hivyo. Maji yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Ni mvua iliyonyesha zamani sana kwenye milima ya Mendip, ikazama chini kabisa, ikapata moto wa miamba, ikapanda tena. Watu waliokuwapo kabla ya Warumi walimwita mwenye maji hayo Sulis. Warumi walipofika hawakumfukuza. Walimuunganisha na Minerva, mungu wao wa kike wa hekima, wakamjengea hekalu katika karne ya 1, naye akawa Sulis Minerva.

Nilisimama ukingoni nikitazama mapovu yakipanda katika maji ya kijani, mvuke ukinilowesha uso. Mwaka 1979 na 1980, wanaakiolojia walioongozwa na Barry Cunliffe walichimba ndani ya chemchemi hiyo. Walitoa sarafu zaidi ya 12,000, na pamoja nazo mabamba membamba ya madini ya risasi yapatayo 130, yaliyochorwa maneno ya Kilatini, mengi yakiwa yamekunjwa kabla ya kutupwa majini. Zilikuwa barua za siri kwa mungu. Nilipozifikia kwenye makabati ya vioo nilidhani nitasoma habari za mapenzi, mali na afya. Kumbe wengi wa walioandika walikuwa wameibiwa.

Docimedis alipoteza glavu mbili. Anaomba aliyezichukua arukwe na akili na apoteze macho, humo humo hekaluni. Annianus aliibiwa vipande sita vya fedha kwenye mkoba wake, asubuhi, na anataka mungu amdai mwizi huyo, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru, mpagani au Mkristo. Hakuacha mwanya hata mmoja wa kuponyokea. Wengine wanalilia joho, wengine nguo ya kuogea. Nilisoma nikaona sura za watu: mtu anavua nguo aingie kuoga, anatoka, hazipo. Wenye vyeo huenda walikuwa na mahakimu na jamaa wa kuwatetea. Huyu wa glavu mbili alikuwa na nani? Alikuwa na maji haya.

Bamba lililonishika kuliko yote halisomeki. Miongoni mwa zile barua mna kadhaa ambazo si maandishi hata kidogo, ni mikwaruzo tu iliyopangwa mistari mistari, mfano wa mwandiko. Naamini ni kazi ya mtu asiyejua kusoma wala kuandika, aliyewaona wengine wakichora, naye akachukua kipande chake cha risasi akachora yake, akamwachia mungu kazi ya kuelewa. Nilirudi mara tatu kwenye kioo kile.

Lakini lile ombi la Docimedis kuhusu macho lilinisumbua. Hapo hapo Bath uliwahi kupatikana muhuri wa Kirumi wa kugongea dawa za macho, kwa hiyo watu wenye macho mabovu walikuwa wakifika mji huu kutafuta nafuu, na mwenzao anamwomba Sulis ampofushe mwizi. Nikakigusa kitambaa mkobani. Sikukitoa. Hapa hapakuwa mahali pake.

Safari ya kaskazini ilikuwa ndefu, treni juu ya treni hadi Hexham, kisha basi namba AD122 linalofuata Ukuta wa Hadrian, ule Warumi waliojenga mpakani mwao. Namba hiyo ni mwaka: 122, mwaka ulipoanza kujengwa ukuta. Nilishuka Carrawburgh, palipokuwa na ngome ya Kirumi ya Brocolitia. Leo ni malisho ya kondoo na upepo usiochoka.

Hapo ndipo palipokuwa kisima cha Coventina, mungu wa kike wa maji. Mwaka 1876 John Clayton, mwanasheria aliyetumia mali yake kununua mashamba ili kuuokoa ukuta, alikifunua akakuta birika la mawe limejaa. Zilitoka sarafu zaidi ya 13,000, madhabahu, lulu, pete, na jiwe lililochongwa sura ya Coventina mwenyewe, amejilaza juu ya jani la maji. Madhabahu yana majina ya waliotoa, na wengi walikuwa askari wa vikosi vya mbali, wakiwamo Wabatavi kutoka kwenye mdomo wa mto Rhine. Walipangwa kulinda mpaka wa nchi isiyo yao, wakakuta maji yenye mungu wasiyemjua, nao wakamtolea. Sehemu kubwa ya sarafu zile ni shaba, pesa ndogo kabisa. Sioni ubahili hapo. Hizo ndizo zilizokuwa mfukoni mwa askari.

Nilitaka kukiona kisima. Nilichokikuta ni dimbwi ndani ya majani marefu ya kinamasi, nyuma ya uzio, hakuna hata jiwe la kushika. Sikutupa kitu. Na hata pangekuwa na maji maangavu nisingetupa, kwa maana hili la kutupa chuma mahali pa haja limeacha majeraha. Kisiwani Maree, ndani ya ziwa la Uskoti lenye jina hilo hilo, ulikuwapo mwaloni kando ya kisima cha uponyaji. Watu waliupigilia sarafu kwa nadhiri zao, hata Malkia Victoria alitia yake mwaka 1877. Shaba iliuua mti. Huko Yellowstone nchini Marekani, dimbwi la maji moto liitwalo Morning Glory lilikuwa na rangi ya samawati ya ajabu. Sarafu na takataka za wageni zikaziba njia za maji ya moto, dimbwi likapoa, na umanjano ukalivamia kutoka kingoni. Kila mmoja alitupa moja tu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu aliyetupa hakuwa na nia mbaya, alikuja na haja yake kama mimi nilivyokuja na ya mama.

Kutoka Inverness, mji wa kaskazini mwa Uskoti, nilivuka daraja la Kessock kuingia Black Isle, ambayo si kisiwa bali rasi. Kisima cha Munlochy kiko msituni kando ya barabara. Zamani kiliwekwa chini ya jina la mtakatifu Boniface, ambaye wenyeji humwita pia Curitan. Bunge la Uskoti lilipiga marufuku safari za kwenda kuomba visimani mwaka 1581, na watu wakaendelea kwenda.

Vitambaa unaviona kabla ya kuyaona maji. Viko mamia kwa mamia, vimefungwa kwenye matawi hadi mti wenyewe unapotea: vipande vya shuka, mikanda ya magauni, soksi ya mtoto mchanga, fulana yenye jina lililoandikwa kwa wino, wino wenyewe umeshachuruzika. Utaratibu wake ni huu. Unazunguka kisima mara tatu kufuata mwendo wa jua, unachovya kitambaa, unagusa mahali panapouma, kisha unakifunga mtini. Kitambaa kinapooza, na ugonjwa unaisha pamoja nacho. Anayekifungua cha mwenzake hujitwalia ugonjwa ule.

Ndiyo maana nilisikitika kuona nailoni nyingi namna ile. Fulana za michezo, utepe wa plastiki, hata barakoa. Vitu hivyo havitaoza mimi na wewe tukiwa hai. Wanaotunza msitu huomba watu walete pamba, sufu au kitani, ombi la kulinda miti, lakini naona wanailinda na mila yenyewe. Kitambaa kisichooza kimebeba ugonjwa kikaushikilia.

Maji yenyewe ni kijito chembamba kinachotiririka toka kwenye ubavu wa kilima, baridi ya kukata vidole. Nilizunguka mara tatu. Nilikichovya kitambaa, kisha nikakwama, kwani macho yaliyohitaji kuguswa yalikuwa mbali. Nikapiga simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umefika?”

“Nimefika. Kimeshalowa. Niseme nini?”

“Usiseme kitu. Kumwomba Mungu nitamwomba mwenyewe. Macho ni yangu.” Alisita. “Kuna wengine hapo?”

Nikamwambia niko peke yangu, ila vitambaa vya watu ni vingi, na nikamtajia ile soksi. Alivuta pumzi. Akaniambia nitafute tawi lililo karibu nayo, kitambaa chake kikae upande ule. Nilikiona kitawi cha chini, nikapitisha pamba, nikafunga fundo la kwanza. Nilipokuwa nalivuta la pili, akaniuliza ninafungaje.

“Naikaza, mama, upepo ni mkali.”

“Usiikaze sana,” alisema. “Si tunataka kioze?”