Nilivyokusanya takwimu za makazi katika mtaa usiopimwa, Dar es Salaam

Mtaa uko kando ya bonde la Msimbazi. Halmashauri ilihitaji majibu matatu kabla ya kuchora mpango: kaya ni ngapi na zinaishije, maji ya mafuriko hufika wapi, na barabara zinaweza kupita wapi bila kubomoa nyumba nyingi. Kanuni niliyoishika ni kwamba kila tarakimu iweze kurudishwa mlangoni ilikotoka. Mpango wa makazi hupingwa na watu wenye nyumba, na mwenye nyumba hajali wastani. Anauliza umeandika nini juu ya nyumba yake.

Barua ya utambulisho ilipita kwa mtendaji wa kata, ikashuka kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, kisha wajumbe wote wakaelezwa katika kikao kimoja. Mjumbe akipata habari kwa kusikia tu, milango ya eneo lake hufungwa. Jambo la pili ni rangi. Usiandike namba ukutani kwa rangi, hasa nyekundu. Kando ya bonde hili alama ya X nyekundu ni bomoabomoa, na watu hawajasahau ya Desemba 2015. Nilitumia karatasi ndogo nyeupe yenye namba, ikabandikwa juu ya fremu ya mlango baada ya mwenyeji kuelezwa ni ya nini. Nyingine zitabanduliwa, kwa hiyo namba hiyohiyo iandikwe kwenye ramani papo hapo.

Ramani ya kuanzia ipo: Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, ulichora majengo mengi ya kata zinazofurika, na data yake iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Niliichapisha juu ya picha ya anga kwa skeli ya 1:500, kila karatasi ikibeba eneo la mjumbe mmoja. Simu hukosea mita tano hadi kumi kwenye vichochoro vya mabati, na katika msongamano huo mita kumi ni nyumba ya jirani. Ndiyo maana nyumba nilizitambua kwa umbo la paa kwenye karatasi, nukta ya simu ikabaki kuwa ya kuhakiki tu. Ukiwa na michoro ya zamani ya mipango miji, angalia imechorwa kwa mfumo gani. Mingi ni ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, na ukiifungua kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, itasogea takribani mita mia tatu. Kosa hilo huonekana haraka. La hatari ni lile la mita tatu au nne linalotokana na picha ya anga isiyokaa sawa, kwa sababu barabara bado itaonekana ipo mahali pake. Tafuta bikoni mbili au tatu za wapima ardhi zilizosalia na uifunge picha hapo.

Sehemu inayokula muda ni kuhesabu. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kila chumba chaweza kuwa na mpangaji wake, kisha kuna vyumba vya uani vyenye paa lake. Anayehesabu mapaa hupata idadi ndogo mno ya kaya. Anayehesabu mita za umeme za LUKU hukosea vilevile, maana mita moja huchangiwa na wapangaji wengi. Fomu yangu, iliyowekwa kwenye KoboToolbox, programu ya kujazia fomu kwa simu, ilikuwa na ngazi tatu: jengo, mlango, kaya. Kaya ni wanaokula chungu kimoja, kama sensa inavyohesabu. Vijana watatu wanaochangia kodi lakini kila mmoja anajinunulia chakula chake ni kaya tatu, hata kama godoro ni moja. Fremu ya duka inayolaliwa usiku huandikwa biashara na makazi kwa pamoja.

Majengo yote yalihesabiwa. Maswali marefu yaliulizwa kwenye mlango mmoja kati ya kila mitano, kwa mfuatano wa namba. Mlango ukikutwa umefungwa, usihamie wa jirani. Ukifanya hivyo utajaza fomu kwa wanaoshinda nyumbani, na wanaotoka alfajiri kwenda kazini watakosekana kabisa. Mlango huo hurudiwa jioni au Jumapili.

Kodi ya nyumba aulizwe mpangaji, si mwenye nyumba, kwa sababu mwenye nyumba anafikiria kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, na atataja pungufu. Uliza pia amelipa miezi mingapi kwa mkupuo, na dalali alichukua kiasi gani. Kodi ya mwezi inaweza kuonekana nafuu, lakini mkupuo wa miezi sita au kumi na miwili ndio unaoamua nani anaingia na nani anabaki bondeni. Kwa mpango wa nyumba, naona swali hilo lina uzito kuliko swali la kipato, ambalo majibu yake siyaamini sana.

Kwa mafuriko, usiulize “maji hufika wapi?” Utapata jibu la mwaka wowote. Taja tukio: mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake waathirika walihamishiwa Mabwepande. Mpangaji wa juzi hana jibu, kwa hiyo tafuta wawili waliokuwepo, waulizwe kila mmoja peke yake, waonyeshe ukutani kwa mkono. Mtego uko kwenye sakafu. Watu wamejaza kifusi na kuinua sakafu mara nyingi tangu wakati huo, kwa hiyo “magotini” ya mwaka 2011 si magotini ya leo. Alama zote nilizihamishia kwenye usawa wa kalavati la karibu kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa msingi. Toa mapovu kwanza, la sivyo utapata sentimita za uongo. Maji ya bonde hayatulii sawa kama ya beseni, hivyo kila kipande cha mto kipewe kalavati lake.

Vyoo vihesabiwe pamoja na umbali hadi gari la maji taka linapoweza kusimama, kwa kupima njia ambayo mpira utapita. Choo kisichofikika ndicho kinachotapishwa mvua ikinyesha. Kwa vichochoro, pima palipo pembamba kuliko pote, ukuta kwa ukuta, na uandike baraza kando kwa sababu linaweza kuvunjwa.

Rasimu ilibandikwa ofisi ya mtaa ikiwa na namba za nyumba pekee. Majina na kodi havikutoka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka uangalifu huo. Waliokuja kusahihisha walijaza fomu yenye namba ya nyumba na saini za majirani wa pande zote. Nyumba za urithi ziliandikwa “familia” hadi mirathi iamuliwe, hata pale ndugu mmoja alipokuja na karatasi. Nakala moja ya ramani ilibaki kwa mtendaji, si kwa mwenyekiti, kwani mwenyekiti hubadilika kwa uchaguzi na kabati huondoka naye.