Nilivyonakili Boulevard Montmartre ya usiku bila tone la rangi nyeusi

Fundi mmoja wa darasa la jioni alinishauri hivi: usiku ni mweusi, basi paka turubai lote nyeusi, kisha chora magari ya farasi moja moja kwa brashi nyembamba. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Picha yenyewe, inayoonyesha mtaa wa Boulevard Montmartre wa Paris usiku, ipo National Gallery, jumba la sanaa hapa hapa London, na kuingia ni bure. Si uende ukaitazame!

Mchoraji Camille Pissarro aliichora mwaka 1897 akiwa dirishani, kwenye chumba cha hoteli jijini Paris, maana ugonjwa wa macho ulimzuia kufanya kazi nje. Mtaa ule aliuchora mara 14, jua likiwaka na mvua ikinyesha, lakini ya usiku ni moja tu. Isogelee uone: giza lake ni bluu, zambarau na kijivu, na umati ule wote wa watu ni mabaka tu.

Mimi nikavua miwani. Hiyo ndiyo siri yangu, na ninaisema kwa fahari. Magari yakapotea, ikabaki mistari ya nuru: katikati taa za umeme, nyeupe zenye ubaridi; pembeni madirisha ya maduka yenye taa za gesi, manjano; chini taa za mafuta za magari ya kukodi, rangi ya chungwa. Nikaweka alama kwa penseli daftarini, wapi nuru ni ya baridi na wapi ni ya moto. Sikuchora hata nyumba moja.

Nyumbani, giza lote nilichanganya bluu na kahawia. Likianza kufanana na mkaa, naongeza bluu. Barabara ikiwa bado mbichi, nikavuta brashi pana, kavu, kutoka chini ya kila taa kushuka, na palepale barabara ikalowa mvua! Taa zenyewe ziache mwisho: rangi nzito, ncha ya kisu, gusa mara moja, toa mkono. Ukirudia, bluu ya chini inapanda na nuru inakufa.

Vifaa vilinigharimu kama pauni 40, brashi nilikuwa nazo. Ya Pissarro ina upana wa sentimita 65 hivi. Yako ifanye ndogo zaidi, na nyuma yake andika “nakala” kwa herufi kubwa, kwa sababu ikitoka vizuri kama yangu, kuna watakaouliza.